Nilivyochagua fimbo na rili ya kuvulia Ruvu

Nilipoamua kuachana na mshipi wa kurusha kwa mkono, nilitangulia Ruvu kabla ya kwenda dukani. Nilitembea kando ya mto upande wa Mlandizi, mikono mitupu, nikitazama ningesimama wapi. Watu huulizana "fimbo gani nzuri?" bila kutaja wanavulia wapi, wakati ya ufukweni Kigamboni na ya mtoni hazifanani hata kidogo.

Mvua zikinyesha Uluguru, Ruvu hugeuka rangi ya chai ya maziwa (na maji hayohayo ndiyo yanayosafishwa tukanywa Dar). Kingo zake zina matete, na ndani mna viboko na mamba. Mzee mmoja aliyekuwa akivua kambale aliitikia shikamoo yangu bila kugeuka. "Marahaba. Rudi nyuma kidogo, kijana. Hapo uliposimama ndipo anapotokeaga." Sikuuliza nani. Nilirudi, na kati yangu na maji pakawa na kama mita tatu za matete. Urefu wa fimbo ukawa umeshaamuliwa.

Fimbo ya mita 1.8 ni tamu ukiwa ndani ya mtumbwi. Ukingoni ncha yake inaishia juu ya matete, mshipi unalalia majani, na kambale akinasa anajizungusha humo humo mpaka anaukata. Ya mita 3.6 nayo inanasa matawi ya nyuma yako kila ukiinua kurusha. Nikataka mita 2.7.

Kariakoo muuzaji alinipa ya kaboni. "Bosi, hii nyepesi, unavua kutwa huchoki." Kweli ilikuwa nyepesi, lakini kaboni haivumilii kugongwagongwa, na mimi husafiri kwa daladala kisha bodaboda. Tena kaboni inapitisha umeme, jambo la kukumbuka ukipita chini ya nyaya au wingu la radi likikukuta ukingoni. Nikachukua ya fibaglasi, nzito kidogo, ya vipande viwili. Zile zinazochomoana kama antena zinaingia kwenye begi vizuri, ila mchanga ukishaingia kwenye maungio ni kazi kuzifunga.

Kitu ambacho wanunuzi wengi hawakisomi ni maandishi madogo juu ya mpini yanayotaja uzito wa kurusha. Yangu imeandikwa gramu 40 mpaka 80. Ruvu ikiwa na mkondo, chubwi (kile kizito cha kuzamishia mshipi) ya gramu 20 haikai chini. Inasukumwa mpaka inarudi kwenye matete upande wako. Kambale hutafuta chakula chini, kwa sharubu zake, kwa hiyo chambo kinachoelea ovyo hakikusaidii. Mimi naweka chubwi ya gramu 50 au 60, na fimbo lazima iweze kuirusha bila kulalamika.

Kabla ya kulipa nilipitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete ya fimbo inayopitisha mshipi. Pete yenye ufa hushika nyuzi za pamba, na itakayoshika pamba itakata mshipi. Fimbo mbili nilizirudisha kwa sababu hiyo, muuzaji akaniangalia kama fundi saa.

Kwenye rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi, nilikaa muda mrefu zaidi. Zile za ngoma inayozunguka zinahitaji kidole gumba kilichozoea, la sivyo mshipi unajikoroga palepale, na kiza kikiingia hutaufumua. Kambale huchangamka usiku, nami huvua jioni, hivyo nilichukua ya kawaida ya kuning'inia chini ya fimbo, saizi 4000. Boksi lake linajisifia idadi ya beringi, sikujali. Niliuzungusha mkono wa rili polepole nikisikiliza, nikautikisa kuona kama unacheza, kisha nikakaza breki na kuvuta mshipi. Breki nzuri inaachia taratibu, mfululizo. Inayoachia kwa kushtukashtuka itakukatia mshipi siku samaki mkubwa akikimbia.

Mshipi ni nailoni ya milimita 0.40, inayohimili kilo kama kumi. Breki naipima kwa mizani ndogo ya kuning'iniza: nafunga mshipi kwenye ndoano ya mizani, navuta, na inatakiwa ianze kuachia kwenye kilo mbili na nusu hivi. Rili naijaza mpaka ibaki milimita mbili kufika ukingo wa kigurudumu chake kinachobeba mshipi. Ukiijaza pungufu hurushi mbali, ukizidisha mshipi unamwagika wenyewe.

Chambo ni nyungunyungu, utumbo wa kuku, au kipande cha sabuni ya mche. Asiyejua atacheka, lakini kambale anaipenda sana sabuni. Kwa perege vifaa hivi ni vizito mno, mdomo wake mdogo. Yeye nimembakishia mwanzi, ndoano ndogo na tonge la ugali.

Samaki akinasa, simwinui kwa fimbo. Nachagua mapema mwanya kwenye matete, namchosha akiwa majini, kisha nashusha fimbo na kutembea kinyumenyume mpaka aburutike juu ya nyasi. Wapo wanaoshuka mpaka majini kumshika kwa mkono. Hapo mimi simo.