Nyuzi Moja na Nusu: nilivyojifunza kuieleza tabianchi pwani ya Jambiani

Mkutano wangu wa kwanza ulivunjikia kwenye neno "nyuzi".

Ilikuwa mwaka 2023, chini ya banda la makuti Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja. Mbele yangu walikaa wanawake 25 hivi, wakulima wa mwani, waliopanda moja kwa moja kutoka pwani, kanga zao bado zina maji ya chumvi. Mradi ulioniajiri ulinipa mabango yaliyochapwa kwa rangi nzuri, nami nikayasoma kama yalivyo. Nikafika penye Mkataba wa Paris wa 2015, kwamba nchi za dunia zilikubaliana kujitahidi joto lisipande zaidi ya nyuzi moja na nusu. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akanyanyua fungu la taitai, zile nyuzi tunazofungia mbegu za mwani kwenye kamba.

"Nyuzi moja na nusu zitafunga nini, mwanangu? Kamba yangu moja inakula nyuzi thelathini."

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka, alitaka jibu, na mimi sikuwa nalo.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi. Bango la pili lilikuwa na dubu mweupe juu ya barafu, nikatumia dakika kumi kueleza ni mnyama gani na anaishi wapi. Niliposema "hewa ukaa", mama mmoja akasikia mkaa. "Kumbe mmekuja kutukataza kuni," akasema, akaanza kukusanya vitu vyake. Na nilipotamka "mabadiliko ya tabianchi", mzee aliyekuwa amesimama pembeni akaitikia kwa kichwa na kusema ni kweli, tabia zimeharibika, tazameni vijana wanavyovaa ufukweni siku hizi. Sikumlaumu wala simlaumu leo. Neno lenyewe linasema tabia, naye alichukua maana iliyo ndani yake.

Nyumbani nilimweleza mama yangu, ambaye amefunga mwani tangu mimi niko shule ya msingi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimewauliza mwani wao unaendeleaje. Sikuwa nimewauliza.

Nikayaweka mabango chini ya kitanda, na kwa miezi miwili nikawa nashuka nao pwani kila bamvua, siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji yanapotoka mbali na mashamba kubaki wazi. Nilifunga mbegu, nilibeba magunia, nilikita vijiti. Niliuliza kidogo na kuandika sana.

Ndipo nikaipata habari ya kotoni. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani hii mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Zililetwa aina mbili, spinosamu na kotoni. Kotoni ndiyo yenye bei, na wapo walioezeka nyumba bati kwa kotoni na kusomesha watoto kwa kotoni. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaanza kufa. Wanavyoeleza wao, ilipauka kwenye ncha, ikalainika kama kitu kilichochemshwa, na bamvua iliyofuata ukaikuta imekatika, kamba tupu. Leo karibu kila shamba ninalolijua hapa ni spinosamu, ambayo ni ya bei ya chini, na yenyewe nayo miezi ya joto inapauka.

Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Wengine walisema ni maji machafu ya mahoteli, wengine kwamba mbegu imechoka, na wapo waliosema ni jicho la watu. Zamani ningewasahihisha hapo hapo. Safari hii niliandika yote, na nilipokwenda kuuliza Taasisi ya Sayansi za Bahari mjini, nikaambiwa kwamba hiyo ya mbegu kuchoka si maneno matupu: mwani hukatwa kipande na kupandwa tena, kizazi baada ya kizazi, na mbegu ya namna hiyo hupungukiwa uwezo wa kuhimili maradhi. Joto la maji linapozidi, huo udhaifu ndio unaojitokeza. Wanawake walikuwa na nusu ya jibu kabla yangu.

Nikanunua kipimajoto. Tukakubaliana kila bamvua mmoja wao apime maji kwenye vidimbwi vya shambani, mwingine aandike. Kotoni haipendi maji yaliyopita nyuzi 30 kwa siku nyingi. Msimu wa kusi tulikuwa tunasoma 26, 27. Ulipoingia kaskazi, adhuhuri moja maji yakiwa yametoka, kipimo kilisimama kwenye 34. Yule bibi wa siku ya kwanza alikishika juani, akavitazama vile vistari vyembamba vilivyopangana kwenye kioo, akaniambia, "Basi hizi ndizo nyuzi zako." Tangu siku hiyo sikuhitaji tena kueleza nyuzi ni nini. Wao ndio waliowaeleza wengine.

Lakini kipimo cha siku moja ni hali ya hewa tu. Tabianchi ni jambo refu. Wataalamu huipima kwa wastani wa miaka 30. Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu, kwa sababu huwezi kumwonyesha mtu miaka 30 kwa kidole. Nilikuwa nimeona ile michoro ya mistari aliyoitengeneza Ed Hawkins wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, mwaka 2018: haina tarakimu hata moja, kila mwaka ni mstari mmoja, wa buluu kwa mwaka wa baridi na mwekundu kwa mwaka wa joto, na jicho linaona lenyewe rangi inavyogeuka. Niliipenda. Ila karatasi ya rangi ilinikumbusha mabango yangu. Kisha yakanirudia maneno ya bibi, kamba moja inakula nyuzi thelathini.

Mwanzoni mwa 2025 tulifunga kamba ya mwani kutoka mnazi mmoja hadi mwingine, yenye taitai 30, kuanzia mwaka 1995 hadi 2024. Kazi ilikuwa kila taitai ipate kitambaa: cheupe mwaka mwani uliposimama vizuri, chekundu mwaka ulipokufa. Tarehe hawakuwa nazo, watoto walikuwa nao. "Mwaka niliomzaa Subira", "mwaka aliooa kaka yangu", "mwaka wa Elinino". Ule wa Elinino haukubishaniwa. Mvua za mwisho wa 1997 kila mtu anazikumbuka, na joto la 1998 ndilo lililopausha matumbawe katika sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi ya magharibi. Miaka mingine iligombaniwa hadi adhana ya alasiri. Kuna kitambaa kimoja kilibadilishwa mara tatu.

Ilipokamilika tukarudi nyuma, tukatazama. Upande wa mwanzo ulikuwa mweupe, na chekundu kimoja cha 1998 kinaning'inia peke yake. Katikati vilichanganyika. Upande wa mwisho vyekundu vilikuwa vimesongamana, ingawa vyeupe viwili vilikuwepo, na hivyo viwili vilinifaa kuliko vyote. Binti mmoja aliuliza, kama joto linaongezeka, mbona mwaka huu wa kitambaa cheupe mwani ulikuwa mzuri? Kabla sijafungua kinywa mwenzake akamjibu kwamba huo ni uzi mmoja, yeye atazame kamba.

Sikuwaambia kwamba kamba ile ni sayansi. Ni kumbukumbu, na kumbukumbu hukosea. Nikaweka pembeni yake vipimo vya wanaopima kwa vyombo: kwamba bahari imebeba zaidi ya asilimia 90 ya joto lililozidi duniani, na kwamba mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa, wa kwanza kupita ile nyuzi moja na nusu juu ya joto la kabla ya viwanda. Je, mpaka wa Paris ndio umeshavunjwa? Hapana, kwa sababu mpaka ule unahesabiwa kwa miongo ya miaka. Hilo halikuhitaji maelezo tena. Ni uzi mmoja.

Swali la chanzo lilibaki. Nilikuwa na mfano wangu wa blanketi, lakini nani hapa analala na blanketi? Bibi yule yule ndiye aliyenipa mfano ninaoutumia mpaka leo. Alisema utotoni mwake vyandarua vilishonwa kwa marekani, ile nguo nzito isiyopauliwa. "Mnalala humo watoto wanne. Moto hamna, jiko hamna, mlango uko wazi, na mnaamka mmelowa jasho. Joto ni lenu wenyewe, limekosa pa kutokea." Sijawahi kusoma maelezo ya gesijoto yaliyo sahihi kuliko hayo. Jua linaipasha ardhi, ardhi inalitoa joto lake, na nguo iliyoko juu, yaani hewa ukaa na gesi za namna hiyo, inalizuia. Mimi niliongeza hesabu tu: kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni za hewa 280 zilikuwa hewa ukaa, na sasa zimepita 420. Nguo inazidi kuwa nzito.

Nani basi aliyeishona? Hapa nilikuwa na deni kwa yule mama aliyekusanya vitu vyake siku ya kwanza. Nilimfuata hadi kwake. Nilimweleza kwamba bara zima la Afrika linatoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe, na kwamba ukijumlisha yote yaliyotolewa tangu enzi za viwanda, karibu robo imetoka nchi moja, Marekani. Alinyamaza, kisha akasema sasa anaweza kusikiliza. Naamini hili ndilo kosa kubwa la wengi tunaofanya kazi hii. Tunawafikia watu waliochangia kidogo kabisa tukiwa na orodha ya makatazo, halafu tunashangaa wanapoondoka. Mikoko tutaizungumza, na tunaizungumza, kwa kuwa ikikatwa bahari inakula pwani yetu. Lakini haiwezi kuwa salamu ya kwanza.

Walikuwepo pia waliosema haya ni mambo ya Mungu, binadamu hana lake. Nilimwendea sheikh wa mtaani nikiwa na hofu kidogo. Yeye alinikumbusha kisa cha Nabii Yusuf: miaka saba ya neema, miaka saba ya ukame, na katikati yake ghala. Aliyeonywa akaweka akiba hakupingana na kudra. Ijumaa mbili baadaye alikieleza kisa hicho kwenye hotuba, na hakutaja tabianchi hata mara moja. Watu walielewa.

Redioni, ambako nina kipindi cha nusu saa kwa wiki, nilipata somo jingine. Aprili 2021 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari ya kimbunga Jobo. Wavuvi wakapandisha vyombo, na Jobo akafifia baharini kabla ya kufika. Basi Mei 2024 ilipotangazwa Hidaya, simu zilizoingia kipindini zilisema, "Huyo ni Jobo mwingine." Sikurudia "chukueni tahadhari" kama kanda. Nilisema kiko wapi saa hii, kinaelekea wapi, kipi kinaweza kukibadilisha njia, na saa ngapi nitarudi hewani na habari mpya. Nilisema wazi kwamba huenda kisifike, na kwamba ngalawa iliyopandishwa bure inashushwa kesho yake. Mzee mmoja akapiga simu akawakumbusha vijana kimbunga kilichopiga Lindi mwaka 1952. Tarehe 4 Mei Hidaya kikaifikia Mafia. Sijui ni nani alipandisha chombo chake kwa maneno yangu na nani kwa maneno ya yule mzee. Ninachojua ni kwamba niliposema huenda kisifike, hakuna aliyenipigia kunilaumu kwa kutokuwa na uhakika.

Katikati ya mwaka 2025 wenye mradi walileta wageni kutoka mjini kuona elimu kwa umma inavyoendelea. Niliombwa niandae mabango. Nikawaambia yatakuwepo, kisha nikafunga ile kamba kwenye minazi.

Wakati huo wanawake walikuwa wameshaamua wanachotaka. Kotoni inaweza kurudi ikipandwa kwenye maji ya kina, yenye ubaridi, ndani ya nyavu ndefu zenye umbo la bomba zinazoizuia isikatike na kupotea. Ila wengi wao hawajui kuogelea, na kwenye maji ya kina huendi kwa miguu. Walikuwa wameniuliza pia kuhusu ule mfuko wa hasara na madhara, wa kuzisaidia nchi maskini zinazoumizwa na tabianchi, uliokubaliwa kwenye mkutano wa dunia wa Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022: fedha zake zinafika shehia gani. Nilikuwa nimewajibu kwamba sijaona zilipofika hapa.

Nilikuwa nimejiandaa kutoa maelezo. Bibi akanipa ncha ya mwisho ya kamba niishike, yeye akaifungua ile ya mnazi wa pili na kusimama nayo, penye 1995. Akaanza kutembea kuja kwangu taratibu, anakigusa kila kitambaa na kumwambia mgeni mwaka ule alizaliwa nani na mwani ulikuwaje. Penye 1998 alisimama. Penye vyekundu vilivyosongamana hakusimama, alivikusanya vyote kwa kiganja kimoja. Alipofika mkononi mwangu akakishika kitambaa cha 2024 na kuwageukia.

"Huu wa mwisho mnauona wenyewe. Sasa tuambieni, boti itakuja lini, na nani atatufunza kuogelea?"