Punje za ufuta kwenye kitambaa cheupe

Hii ilikua 2016, nafundisha sayansi darasa la nne, shule moja ya msingi Lindi vijijini, njia ya kwenda Mchinga. Mwezi wa tano, ufuta ndo unaanza kuvunwa.

Jumatatu mstarini tukawa tunakagua usafi kama kawaida, kucha, meno, sare. Mwalimu wa zamu akafika kwa binti mmoja wa la nne, akamwambia vua ushungi. Akaona chawa. Akamtoa mbele akanyanyua msuko mmoja kwa ncha ya fimbo shule nzima ione, akasema huyu mchafu, nenda kwenu usirudi nao hapa. Mtoto hakulia, alikua anakunja tu ule ushungi, anakunja anakunja mpaka ukawa mdogo kama leso. Na mimi nilikua nimesimama palepale sikusema kitu, na hilo mpaka leo linaniuma.

Jumanne hakuja, Jumatano hakuja. Alhamisi jioni nikaenda kwao.

Anaishi na bibi yake. Napiga hodi nakuta mtoto kakaa karibu na mafiga, bibi kashika kikopo cha mafuta ya taa anataka kummwagia kichwani. Yani nilikidaka kile kikopo kabla hata ya shikamoo! Mafuta ya taa yanababua ngozi, mtoto akiyameza au yakimpalia yanaharibu mapafu, na moto wenyewe unawaka hatua mbili tu toka alipokaa. Bibi wala hakukasirika, akaniambia, "Mwanangu, sisi ndo tulivyokuzwa, na shule mmesema asirudi nao, sasa mie nifanyeje?" Nikakosa jibu, maana waliosema ni sisi.

Nikamwomba mafuta ya nazi, anayo, ya kukamua mwenyewe. Tukafumua misuko yote, tukapaka kichwa kizima mpaka yanachuruzika shingoni. Ningeweza kusema anyolewe, kunyoa kunamaliza kweli sikatai, ila mtoto wa kike aliyeaibishwa mstarini akirudi na upara kila mtu anajua kwa nini. Kwaiyo nikachukua kitana cha meno madogo yaliyobanana nikaanza fungu kwa fungu, toka kwenye ngozi kabisa mpaka nchani, kila nikivuta nafuta kwenye kitambaa cheupe. Mafuta hayawaui wote ila yanawafanya wazito, hawakimbii tena. Wale wakubwa ni punje ya ufuta kabisa, ukubwa uleule, na mayai yameganda kwenye unywele karibu na ngozi kama yamepigwa gundi, ukipangusa hayatoki kama mba inavyotoka. Nyuma ya masikio na kisogoni ndo walipojaa. Giza likaingia tukawasha tochi ya simu tukaendelea.

Tulipomaliza bibi akafungua kilemba chake taratibu. "Na mie niangalie mwanangu, tunalala mkeka mmoja."

Alikua nao.

Kesho yake mtoto akaja, tukaingia wote darasani. Pale wanakaa watatu dawati moja na kitabu kimoja. Nikasaga chaki nyekundu nikampaka kwenye nywele kiranja wa usafi, mtoto nadhifu kuliko wote, sare yake inafuliwa kila siku, nikawaambia someni kama mnavyosomaga. Hawajamaliza kurasa mbili, wa kulia ana wekundu juu ya sikio, wa kushoto anao kwenye paji la uso. Nikauliza, haya mchafu hapa nani? Darasa kimya. Nikawaambia chawa haruki wala hapai, anatembea tu, kwaiyo anasubiri vichwa vigusane, na anachotaka ni damu, kichwa kilichooshwa leo na kisichooshwa kwake ni sawa. Akidondoka chini siku moja mbili keshakufa.

Sikuweza kuwaambia msigusanishe vichwa wakati kitabu ni kimoja, ningekua nadanganya watoto. Nikawaambia kinachowezekana: ushungi na kofia kila mtu avae chake, kitana usiazime, nyumbani mkaguane kila wiki, akipatikana mmoja basi mnakaguliwa wote siku hiyohiyo na kila mwenye nao anachanwa, kesho usilie tena mwenzio kakuambukiza. Na mashuka na nguo alizotumia mwenye nao siku mbili kabla ya kuchanwa zilowekwe maji ya moto. Yule kiranja alikua bado anajipangusa chaki, nikaona binti wetu anamsogelea anamwonyesha sehemu alipobakiza.

Mwalimu wa zamu nilimfuata ofisini nikamwambia wazi kwamba tulikosea. Hakunijibu, ila mstarini hakumvua mtu ushungi tena muhula ule.

Mayai yanachukua kama siku saba mpaka kumi kuanguliwa, kwaiyo kule kwa bibi nikawa narudi kila baada ya siku tatu nne tunachana upya. Siku ya nane bibi kashika tochi, nachana, mtoto ndo ananyoosha kitambaa mapajani anahesabu mwenyewe kwa kidole. Akahesabu akarudia tena.

"Madam, wawili tu."