Wiki tatu na kidude cha Bluetooth cha elfu kumi na mbili

Hasira zangu zilianzia kwa fundi wa Kariakoo. Nilimweleza vizuri: nikizima hedifoni nikaenda kula, nikirudi nikiziwasha hazijiungi na laptopu, mpaka nichomoe kile kidude cha Bluetooth cha USB nikichomeke upya. Hakuuliza swali hata moja. "Kaka, toa hiyo Linux tukuwekee Windows, elfu ishirini tu." Jamaa wa kazini akasema hedifoni ni feki. Mwingine akasema Wi-Fi inagongana na Bluetooth kwa sababu zote ziko kwenye GHz 2.4. La huyu lina ukweli kwa sauti inayokatika-katika, ila yangu ilikuwa haiji kabisa. Na hedifoni hizohizo kwenye simu zilijiunga bila maneno.

Kilichonifumbua macho ni faili moja dogo. Kerneli, yaani kiini cha Linux kinachosimamia vifaa, huweka hali ya kila kifaa cha USB chini ya /sys/bus/usb/devices, na ndani ya folda ya power kuna runtime_status. Nikaiacha kompyuta isome faili hilo kila sekunde, mimi nikakaa pembeni na chai. active, active, active. Nikazima hedifoni. Kidogo tu: suspended. Nikaziwasha, zikawa zinalia zikimtafuta mwenzao, na kidude kimelala fofofo. Nikaandika neno on kwenye power/control, kikaamka, na kabla sijatua kikombe hedifoni zikajiunga. Nilipiga ukelele mpaka dada akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Yaani ni usingizi tu. Kwa kawaida, kifaa cha USB kilichoruhusiwa kulala hulazwa baada ya sekunde 2 bila kazi, ili umeme usiliwe bure, na draiva (programu inayoendesha kifaa) inayoitwa btusb ndiyo iliyokuwa inakiombea changu ruhusa hiyo. Kifaa kilichotengenezwa sawasawa kikisikia hedifoni zinabisha hodi huamka na kuiarifu kompyuta. Changu kikilala, ndiyo basi tena.

Mwenye akili angeandika skripti ya kuweka lile neno on kila mashine inapowaka, akaenda zake. Mimi nikasema nitarekebisha kerneli.

Mara ya kwanza nilikompaili nzima, yaani niligeuza msimbo wake wote kuwa programu, na kila kitu ambacho waundaji wa mfumo wameweka: draiva za vifaa ambavyo sitaviona maisha yangu yote. Saa tano usiku feni inavuma kama mashine ya kusaga. Saa tisa kasoro luku ikaisha, na betri ya laptopu ilishakufa siku nyingi. Hapo sina wa kumlaumu, mita ilikuwa inalia tangu jioni.

Basi nikagundua ujanja, au nilidhani ni ujanja. Kuna amri ya make localmodconfig: inaangalia ni moduli (vipande vya kerneli, kama draiva) zipi zinatumika muda huo, na zisizotumika inazitupa nje. Kazi ya usiku kucha ikawa kama dakika arobaini. Nilitamba! Nikawasha kerneli yangu mpya kwa madaha, nikachomeka kidude. Kimya. Nikachomeka tundu la pili, kimya. Nikaamua kimekufa, kesho yake nikanunua kingine kama kile, elfu kumi na mbili nyingine. Nacho kimya. Nikataka angalau nihamishe kazi zangu kwenye flashi, nayo flashi haionekani! Jumapili nzima nilikuwa nawalaani Wachina wa watu. Jioni ndipo nilipoandika modprobe btusb, amri ya kuiingiza draiva hiyo, nikajibiwa kwamba moduli hiyo haipo. Haipo, kwa sababu wakati naendesha ile amri ya ujanja, matundu yangu mawili ya USB yalikuwa na modemu na mausi. Kidude kilikuwa mezani. Kompyuta iliona Bluetooth haitumiki, ikaitupa, na flashi nayo hivyohivyo. Ilinitii kabisa. Kwa hiyo ukiitumia amri hiyo, kwanza chomeka kila kitu ulicho nacho nyumbani, hata printa ya jirani.

Njia ya maana ni kutoigusa kerneli nzima. Unakompaili folda ya drivers/bluetooth peke yake, unaitoa btusb ya zamani, unaingiza yako. Haikufika dakika mbili. Ndani ya btusb.c, faili la msimbo wa draiva hiyo, nilitafuta pale inapoomba ruhusa ya kulala, nikaongeza sharti: ikiwa namba ya kifaa ni hii yangu, usiombe. Mistari miwili. (Humo nilikuta sehemu nzima ya kuhangaika na vidude bandia vinavyojitambulisha kwa namba 0a12:0001, ya kampuni ya Cambridge Silicon Radio. Kumbe wenzangu wa duniani nao wananunua vya bei chee.) Nikazima hedifoni, nikaenda msikitini, nikarudi, nikaziwasha. Zikajiunga papo hapo.

Sasa nikiwa naperuzi faili lilelile kwa kujipongeza, nikafika mwisho kabisa, sehemu ambayo wiki zote tatu sikuwahi kushuka. Kuna enable_autosuspend. Swichi tayari ipo! Unaandika mstari mmoja kwenye faili la /etc/modprobe.d:

options btusb enable_autosuspend=n

Unazima mashine, unawasha, kwisha. Tofauti ni kwamba swichi hiyo inavizuia kulala vidude vyote vinavyotumia btusb, na yangu inakizuia kimoja tu. Tofauti kubwa sana, kwa mtu mwenye kidude kimoja.

Kile cha pili nilimpa dada, nikamwekea huo mstari kwenye laptopu yake wakati maji ya chai hayajachemka. Akajaribu, akaona kinafanya kazi, akaniangalia. "Sasa wiki tatu ulikuwa unafanya nini?"