Mia Tano Arobaini Tu

Siku ya tatu ya uanagenzi wangu nilifundishwa kutoboa karatasi. Si utani. Msimamizi aliikunja karatasi katikati ili ipate alama, akaiingiza kwenye kitobozi mpaka alama ikakaa sawa na mshale, akabonyeza. Kisha akaniachia rundo la barua za mwaka mzima uliopita. Nilikuwa na miaka 19, nimekuja kujifunza uendeshaji wa biashara, na kichwani nilikuwa na maneno makubwa kama "mikakati" na "rasilimali watu". Sasa mimi mwenyewe ndiye nilikuwa rasilimali, na nilikuwa natoboa karatasi.

Miezi miwili ilikwenda hivyo: kupokea simu, kufungua barua na kuzigonga muhuri wa tarehe, kuzipa namba za folio, yaani namba ya kila barua ndani ya jalada lake, kupeleka majalada kwa wakubwa na kuyafuata yasiporudi. Sina kinyongo na kazi hizo. Mwezi wa tatu nikakabidhiwa kasha.

Lilikuwa kasha dogo la chuma, la fedha za matumizi madogomadogo. Utaratibu wake, ambao wahasibu huuita masurufu, ni mwepisi kuueleza. Kasha linaanza mwezi na kiasi kisichobadilika, na letu lilianza na 20,000. Kila fedha inapotoka, vocha, yaani hati ya malipo, inaingia mahali pake. Kwa hiyo saa yoyote, hata ukishtukizwa, vocha ukizijumlisha na fedha zilizobaki lazima upate 20,000. Mwisho wa mwezi vocha zinakwenda kwa mhasibu, naye analijaza kasha kwa kiasi kilekile kilichotumika. Tarishi akichukua nauli, vocha. Zikinunuliwa stempu, vocha. Kila moja ina namba yake ya mfululizo, risiti imebanwa nyuma, sahihi ya aliyepokea na ya aliyeidhinisha ziko chini, na kiasi kimeandikwa mara mbili, kwa tarakimu na kwa maneno. Maneno hayo hufungwa kwa "tu", ili asije mtu mwenye kalamu na tamaa akaongeza lake mbele.

Ofisi inayojiheshimu haimpi mtu mmoja funguo za kasha na kitabu cha masurufu kwa pamoja. Mmoja anashika fedha, mwingine anaandika. Lakini aliyekuwa akiandika alikwenda likizo ya uzazi, nami nilionekana mtulivu, basi nikapewa vyote viwili. Mpaka leo nasema lile lilikuwa kosa la ofisi kabla halijawa langu. Siku ile, hata hivyo, sikuwaza hivyo. Nilitembea ukumbini nikizichezesha funguo mfukoni ili watu wazisikie.

Jioni ya kuamkia siku ya mwisho ya mwezi, wenzangu wakiwa wameshaondoka, nikahesabu fedha. Zilikuwa 6,540. Nikafungua kitabu. Kitabu kikasema zinatakiwa 7,080.

Nikahesabu upya. Nikaligeuza kasha juu chini na kuligonga, kana kwamba noti hujificha kwenye bawaba. Nikapapasa chini ya meza. Nikakijumlisha kitabu kwa kikokotoo mara tatu, na mara zote tatu kikanipa jibu lilelile: matumizi 12,920, salio 7,080. Kilichonimaliza ni kule kulingana kwa majibu. Kama kitabu hakikosei, basi fedha zimetoka, na kama zimetoka, aliyekuwa na funguo ni mmoja. Sikuwaza hata kidogo kuzitoa vocha na kuzilinganisha na kitabu moja baada ya nyingine. Sijui kwa nini. Hofu hukuelekeza kwenye fedha, na karatasi huzioni tena.

Nikafungua pochi yangu. Posho ya uanagenzi si kitu cha kujivunia, na siku za mwisho za mwezi huwa imebaki ya nauli. Nikatoa 540, nikazipanga ndani ya kasha pamoja na zingine, nikafunga. Nikarudi nyumbani kwa miguu, na naikumbuka vizuri ile furaha niliyotembea nayo. Nilijiona nimekua. Mtu mzima, nilijiambia, hutatua mambo yake kimyakimya.

Asubuhi mhasibu akaja mezani kwangu na rula na penseli nyekundu. Alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, ambaye hakuwahi kuharakisha kitu. Nikamsogezea kitabu kwa heshima zote. Hakukigusa. Akasema, "Nipe vocha, mwanangu." Akazihesabu, 31. Akazijumlisha mwenyewe, akaandika pembeni 13,460. Akahesabu fedha, akaandika 7,080. Akajumlisha tena. Halafu akanitazama juu ya miwani.

"Hili kasha limeshiba kupita kiasi. Ishirini elfu mia tano arobaini."

Ulimi ulinikauka. Nilijiandaa kuulizwa kwa nini zimepungua, na ningejibu hazikupungua. Za kuzidi sikuwa nimeziandalia jibu.

Yeye wala hakuonekana kushtuka. Sasa ndipo alipokivuta kitabu, akaona 12,920, akatoa kwenye 13,460 yake. Tofauti, 540. "Vocha zako na kitabu chako haviongei lugha moja," akasema. "Tuanze. Kuna vocha yoyote ya 540 uliyosahau kuiandika?" Haikuwepo. "Nusu yake, 270? Maana kitu ukikiandika upande usio wake, tofauti huja mara mbili." Haikuwepo pia. "Basi igawanye kwa tisa."

Nikagawanya. Sitini kamili.

"Eeh," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona akichangamka. Akanieleza kwamba tofauti inayogawanyika kwa tisa bila kubaki kitu mara nyingi ni kosa la kalamu. Huenda mtu ameruka sifuri, akaandika 60 badala ya 600, maana hapo pia tofauti ni 540. Akapekua, hakuna vocha ya 600. Au basi tarakimu mbili jirani zimebadilishana viti. Ile sita ya kwenye sitini inakwambia tarakimu hizo zinapishana kwa sita, na sifuri yake inakwambia zimekaa mahali pa mia na pa makumi, si mwishoni. "Usisome vocha zote. Nitafutie yenye nane na mbili, au tisa na tatu, au saba na moja, au sita na sifuri, zimekaa hapo katikati."

Ilikuwa vocha namba 17, ya wino wa printa. Vocha ilisema 1,820. Kitabu changu kilisema 1,280.

Niliikumbuka hata dakika yenyewe. Simu ililia nikiwa nimeishika kalamu, nikaipokea huku naandika, na kichwani nilikuwa naisoma kama namba ya simu: moja, nane, mbili, sifuri. Mama yule akaniambia hapo ndipo wengi huteleza. Isome kwa ukamilifu na kwa sauti, elfu moja mia nane ishirini, na ulimi hautakubali kuigeuza kuwa elfu moja mia mbili themanini. Kuanzia siku hiyo nasoma namba zote hivyo, hata za kwenye skrini, na watu wanaokaa karibu nami hukereka.

Nilidhani yamekwisha. Akachora mstari mwekundu kwenye 1,280, akaandika 1,820 juu yake, akaweka herufi za jina lake pembeni. Kisha akaiweka penseli chini polepole.

"Kitabu kiliandika matumizi pungufu kwa 540. Kwa hiyo jana fedha zilitakiwa zionekane zimepungua kwa 540 ukizilinganisha na kitabu. Mbona leo zimelingana?"

Nikainama.

"Umeziba."

"Ndiyo, mama."

Hakufoka. Nadhani angefoka ingekuwa nafuu. "Ungeniachia pengo ningekuta kosa la kalamu, la dakika tano. Umeziba, nimekuta fedha zisizo na mwenyewe. Fedha zikipungua najua pa kutafuta. Zikizidi, nimtafute nani?" Kisha akaniambia lile lililonichoma zaidi. Mkaguzi akikuta kasha lina ziada hasemi kuna mtu mwema humu. Hujiuliza ni nani aliyeandikiwa vocha ya mia akapewa themanini. Yaani nilichokifanya kwa kuogopa kuitwa mwizi kilikuwa na sura ileile ya wizi. Nilitaka kumwambia zilikuwa nauli yangu, nikaona itakuwa aibu juu ya aibu.

Zile 540 hazikurudi pochini. Alizikatia stakabadhi kama ziada ya fedha taslimu, akazifunga kwenye bahasha, akaniagiza niandike maelezo ya ukurasa mmoja kwa meneja. Niliandika rasimu nne. Ya kwanza ilikuwa na neno "dhamira" mara tatu, akaikata yote. "Andika ulichofanya, saa ngapi, kiasi gani." Meneja aliyasoma amesimama, akauliza nani alimpa mtoto huyu funguo na kitabu kwa pamoja, na chumba kizima kikawa kimya. Mchana huohuo funguo zikahamia kwa mwingine na mimi nikabaki na kitabu. Kwenye daftari langu la mafunzo, sehemu ya stadi za wiki, niliandika "usuluhishi wa masurufu", na mkufunzi akaweka alama ya vema bila kuuliza.

Wiki mbili baadaye meneja aliidhinisha nirudishiwe fedha zangu, lakini si kwa kufungua bahasha na kuzichukua. Ilinibidi nijaze vocha, kama mtu mwingine yeyote anayedai. Nikaandika jina langu, sababu ya malipo, tarakimu, maneno, nikasaini, nikaipeleka mezani kwa mhasibu. Aliisoma kwa sauti kuanzia juu mpaka chini, "mia tano arobaini", akasita, akanirudishia.

"Umesahau 'tu'."