Kinga haikumpungukia shangazi

Tangu shangazi atutoke, kila anayekuja kutupa pole hufikia kauli ileile: kinga yake ilishuka, ndiyo maana dawa ikagoma. Wanaisema kwa mapenzi. Lakini inaniuma, maana ndani yake mna lawama, kwamba angekula vizuri zaidi na kunywa zile juisi za majani, mwili wake ungepambana.

Saratani yake ya mapafu ilitibiwa India kwa pembrolizumabu, dripu kila baada ya wiki 3. Dawa hiyo haiui saratani yenyewe. Kazi hiyo hufanywa na seli T, askari wa kinga ya mwili, ambazo zina breki iitwayo PD-1. Uvimbe huikanyaga, na dawa huuzuia usiifikie. Kwa kugundua namna ya kuachia breki za aina hii, James Allison na Tasuku Honjo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Miezi ya mwanzo uvimbe ulisinyaa, shangazi akarudi kupika mwenyewe. Kisha ukaanza kukua tena.

Nimesoma sana tangu hapo, na jambo lililonishtua ni hili: mara nyingi uvimbe sugu haukosi seli za kinga. Umejaa seli hizo. Kuna makrofaji, ambazo kwa kawaida humeza vijidudu na kusaidia kidonda kupona. Ndani ya uvimbe hupokea ishara za kemikali zinazozifanya zifanye kana kwamba kidonda hakijafunga: zinachochea mishipa ya damu iote, zinazituliza seli T. Kuna pia seli T dhibiti, ambazo Shimon Sakaguchi alitunukiwa Nobel kwa ajili yake mwaka 2025. Hizi zipo ili mwili usijishambulie wenyewe, na uvimbe hunufaika na ulinzi huo. Na seli T zilizopambana kwa muda mrefu huchoka. Nyingine haziamki hata dawa ikifika.

Mwaka 2017 watafiti wa Boston walichungulia ndani ya uvimbe wa panya hai kwa hadubini. Waliona dawa ya aina hiyo ikitua juu ya seli T, na dakika chache baadaye makrofaji zikaibandua na kuichukua. Yaani dawa ilifika kabisa mahali pake, ikaondolewa na seli za kinga zenyewe! Walipoziba vipokezi ambavyo makrofaji hutumia kuinasa, dawa ilikaa muda mrefu zaidi na uvimbe ukapungua vizuri zaidi. Panya si binadamu, na seli za saratani nazo zina njia zake, zikiwemo kupoteza alama ambazo seli T huzitambua. Hata hivyo, sioni ni wapi katika haya yote juisi ya majani ingeingia.

Binamu yangu mdogo bado anaamini kwamba angemlazimisha mama yake amalize kila glasi, angekuwa hai. Nimemtumia maandishi haya kabla ya kuyaweka hapa.