Barnaba Alikwenda Tarso

Wapendwa katika Bwana, somo letu la wiki hii ni Matendo ya Mitume 11:19-26, ambapo Barnaba, akiisha kuiona neema ya Mungu katika Antiokia, anafunga safari hadi Tarso kumtafuta Sauli (ndiye Paulo), mtu ambaye wanafunzi wa Yerusalemu walikuwa wamemwogopa. Angeweza kufundisha peke yake na sifa zikabaki kwake, lakini alimleta mwenzake, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Na ukiendelea hadi sura ya 13 utaona kwamba Barnaba, aliyekuwa akitajwa kwanza, anaanza kutajwa wa pili baada ya Paulo.

Katika kulitafakari somo hili nimemkumbuka Lloyd Richards, mwongozaji wa tamthilia Mmarekani Mweusi, aliyezaliwa Toronto mwaka 1919 na kukulia Detroit, ambako baba yake, seremala kutoka Jamaika, alifariki yeye angali mtoto, na baadaye mama yake akapofuka. Alianza chuo kikuu akikusudia kusomea sheria, akaiacha kwa ajili ya jukwaa, kisha akahamia New York, akiigiza na kuwafundisha waigizaji. Mwaka 1959 aliongoza A Raisin in the Sun ya Lorraine Hansberry, tamthilia ya kwanza ya mwanamke Mweusi kuonyeshwa Broadway, yaani kwenye majumba makuu ya tamthilia ya New York.

Wengi humkumbuka kwa hilo tu. Mimi naona uzito wa utumishi wake (naomba niuite hivyo) uko Waterford, Connecticut, alikoongoza kwa takriban miaka 30, hadi 1999, mkutano wa kila mwaka wa waandishi wa tamthilia katika kituo cha tamthilia cha Eugene O'Neill. Huko mwandishi asiyejulikana aliisikia kazi yake ikisomwa na waigizaji walioshika miswada mikononi, akairekebisha kabla ya kukutana na wakosoaji wa magazeti. August Wilson, aliyeacha shule akiwa kijana na ambaye wakati mmoja alijipatia riziki kwa kupika, alipeleka miswada yake huko ikakataliwa zaidi ya mara moja, hadi mmoja ulipopokelewa mwaka 1982. Wakati huo Richards alikuwa pia amidi wa Shule ya Tamthilia ya Chuo Kikuu cha Yale, wadhifa alioushika tangu 1979 hadi 1991, na tamthilia za Wilson zilianza kuonyeshwa kwenye jukwaa la Yale kabla ya kufika Broadway. Richards aliongoza sita za kwanza kufika huko Broadway, na kwa mojawapo, Fences, akapata Tuzo ya Tony, tuzo ya tamthilia za Broadway, mwaka 1987. Hata hivyo, leo jina linalotajwa zaidi ni la Wilson.

Kukataliwa huko kwa miswada kusitukwaze. Kazi ambayo haijaiva hukataliwa, lakini mwenye kazi aachiwe njia ya kurudi. Paulo mwenyewe hakutaka kusafiri tena na Yohana Marko, aliyewaacha yeye na Barnaba njiani huko Pamfilia. Barnaba ndiye aliyemchukua Marko, ingawa ilimgharimu kutengana na Paulo, rafiki ambaye yeye mwenyewe alikwenda kumtafuta Tarso. Miaka ikapita, na katika 2 Timotheo 4:11 Paulo anaagiza Marko aletwe, kwa maana anamfaa kwa utumishi.

Kwa wiki hii tusome pia Matendo 15:36-41, na kila mmoja wetu amwombee kwa jina mtu mmoja ambaye kazi yake tuliwahi kuikataa.