Kila peni na mwaka wake

Sikuanza kuokota sarafu za peni kwa sababu ya shukrani. Nilianza kwa sababu zilikuwa zinagonga ufagio wangu.

Nafanya usafi wa ofisi hapa Columbus, Ohio, zamu ya jioni mpaka saa sita usiku. Ukishafagia chini ya meza za watu kila siku unajua nani anakula biskuti kazini na nani anakata kucha kwa siri. Unajua pia kwamba hakuna anayeinamia peni. Robo dola ikidondoka, mtu ataisaka mpaka nyuma ya kabati. Peni ikidondoka inabaki hapo hapo, na kiti kinapita juu yake wiki nzima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, tulifundishwa shuleni. Mimi nalipwa kuinama.

Za ofisini sikuzichukua. Nilikuwa naziokota na kuziweka juu ya meza ya mwenyewe, pembeni ya kompyuta. Kuna meza moja karibu na dirisha niliyoiwekea peni tatu zikiwa zimepangwa vizuri. Kesho yake zote tatu zilikuwa chini tena. Nikazirudisha. Kesho yake, chini. Siku ya tatu nikaelewa kwamba hazikuwa zimepotea, zilikuwa zimetupwa. Hata hivyo nikaendelea kuzirudisha mezani, maana mfanya usafi haanzi kujiamulia kipi cha watu ni takataka. Ila za nje, za kwenye maegesho ya magari, kituo cha basi na pale ninapofulia nguo, hizo nikaanza kuzitia mfukoni.

Kwa asiyeijua, peni ni senti moja ya dola, ile ya rangi ya shaba yenye uso wa Abraham Lincoln. Neno lenyewe "peni" halijaandikwa popote juu yake. Imeandikwa senti moja tu. Bibi yangu alikuwa akiita senti kumi za kwetu peni, na senti tano ndururu, kwa hiyo nilipofika huku nikasikia kitu cha senti moja kinaitwa peni niliona wenzetu wameishusha cheo. Na kweli imeshuka. Mashine za kufulia ninazotumia zinataka robo dola, peni haina hata tundu la kuitumbukizia. Jioni moja nimesimama mbele ya mashine nimepungukiwa robo moja, na miguuni pangu kuna peni mbili. Nilizitazama kama mtu anayetazama ndugu asiye na msaada.

Nikaziokota hivyo hivyo.

Wakati huo sikuwa vizuri. Sina haja ya kulieleza sana. Waliokaa ughaibuni wanajua ule mwaka ambao hata simu za nyumbani unaziogopa, kwa sababu kila anayepiga ana shida na wewe una shida zaidi yake. Kwenye jumuiya yetu ya sala Jumapili kila mtu husimama na kutaja anachomshukuru Mungu. Ikifika zamu yangu nilisema "nashukuru kwa uhai na afya", kisha nikakaa. Wiki iliyofuata nikasema hivyo hivyo. Wiki ya tatu mtoto mdogo aliyekaa mbele yangu akaitamka sentensi yangu kabla sijaifungua midomo. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini njiani kurudi nilikuwa najiuliza ni lini mara ya mwisho nilimshukuru mtu, mtu kabisa mwenye sura, kwa jambo alilonifanyia.

Jumanne yake, kwenye maegesho, theluji imeyeyuka nusu, nikaona peni kwenye tope. Nikaifuta kwa kidole gumba. 1996.

Mwaka 1996 niliingia darasa la kwanza. Wiki ya kwanza tu nilikuwa sina penseli, kaka yangu aliichukua. Mwalimu hakunifukuza. Alitoa penseli yake mwenyewe, akachukua wembe, akaizungusha taratibu mpaka ikakatika katikati. Kipande chenye kifutio akanipa mimi, na kile kingine akakichonga upya akabaki nacho. Nikamuuliza mbona yeye hana kifutio. Akasema mwalimu hakosei. Darasa zima likacheka.

Miaka yote hiyo sikuwahi kuikumbuka ile penseli. Nilikaa kwenye basi nimeishika peni ya tope na nausikia wembe ule ukisaga mti.

Hapo ndipo nilipopata namna yangu. Kila peni ya Marekani ina mwaka iliyotengenezwa, upande wa sura, kulia kwa kifua cha Lincoln. Nikiokota peni, nasoma mwaka, halafu namtafuta mtu mmoja aliyenitendea jema mwaka huo. Namwandika kwenye daftari: mwaka, mtu, alichofanya. Peni inaingia kwenye kopo la kahawa. Bila mtu haiingii. Inakaa dirishani mpaka mtu wake apatikane. Na nilijikataza maneno kama afya, amani, baraka. Mungu nina sala zangu kwa ajili yake. Daftari hili ni la watu.

Nilidhani miaka ya utotoni ndiyo itakuwa migumu. Kumbe migumu ilikuwa ya karibuni, na ndiyo inayookotwa zaidi, kwa kuwa sarafu mpya ndizo nyingi mitaani. Miaka yangu ya Marekani nilikuwa nimeiweka yote kwenye fungu moja la "miaka ya kuteseka". Sasa nimeokota peni ya 2017, nifanyeje? Hiyo ina alama yake: chini ya mwaka kuna herufi ndogo P, ya kiwanda cha Philadelphia. Kabla ya hapo Philadelphia ilikuwa haiweki herufi kwenye peni. Mwaka huo iliweka kuadhimisha miaka 225 ya idara ya kutengeneza sarafu, na mwaka uliofuata ikaacha. Nikaigeuzageuza ile herufi siku mbili, ndipo akanijia mwanamke wa kituo cha basi. Baridi yangu ya kwanza. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi hata zipu ya koti siwezi kuivuta. Alisogea, akaivuta mpaka kidevuni, akarudi kusimama alipokuwa. Hatukusemezana neno. Basi lake likaja.

Mpaka sasa nimeokota peni nne za 2017 na zote zimepata watu. Sikutegemea.

Peni zilizotangulia kuzaliwa kwangu ndizo zilizonirudisha kwa mama. Niliokota ya 1974, nyekundu-nyeusi, ina herufi D chini ya mwaka, ya kiwanda cha Denver. Mimi nimezaliwa 1989. Nikataka kuiruka, kisha nikaona aibu, nikampigia mama. Nikitoka kazini saa sita usiku, Tanzania kumekucha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini usiku wote huu?"

"Hakuna kitu. Mwaka sabini na nne kuna mtu aliyewahi kukutendea wema?"

Akanyamaza. Nadhani alidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Halafu akasema, "Sabini na nne ni njaa hiyo."

Alikuwa na miaka 12. Mvua ziligoma, na huku watu wanahamishiwa vijijini, mashamba yameachwa. Kilichowafikia ni unga wa msaada, wa mahindi ya njano, watu wakaupa jina unga wa Yanga kwa sababu ya rangi ya timu. Watoto waliukataa. Mama yake mdogo, aliyekuwa bado hajaolewa, alikuwa akiketi nao jikoni na kumwambia kila mtoto, "Hili tonge ni la Simba, anamla Yanga," mpaka sufuria likaisha. Mama alicheka akisimulia, halafu sauti ikamkatika kidogo. Huyo mama mdogo alishafariki, na mama hakuwahi kumshukuru kwa zile siku, kwa kuwa nani anashukuriwa kwa mzaha?

"Na ule unga," akaongeza, "tuliambiwa unatoka huko huko uliko."

Nilikaa na ile peni mkononi. Mwaka 1974 ilikuwa mpya, inang'aa kwenye droo ya duka fulani la huku. Nikaandika daftarini: mama mdogo, matonge.

Iliyonishinda kwa muda mrefu ni ya 2009. Mwaka huo, kwa miaka 200 tangu Lincoln azaliwe, walibadilisha mgongo wa peni na kutoa michoro minne ya maisha yake. Niliyoipata mimi ina kibanda cha magogo alimozaliwa. Nzuri kuitazama. Lakini 2009 ndio mwaka baba yetu aliofariki, na kila nikifungua daftari nilikuwa naona jeneza. Watu waliosaidia walikuwa wengi, najua, tena wote wameandikwa kwenye daftari la rambirambi analolitunza dada: fulani elfu kumi, fulani elfu tano, fulani gunia la mchele. Nilimwomba dada anipigie picha kurasa zile. Nikazisoma jina kwa jina. Hakuna lililonigusa, na nikajiona mtu mbaya.

Ile peni ilikaa dirishani wiki tatu. Jibu lilinijia kazini, nimeingiza mikono kwenye sinki la ofisi, nasugua vikombe vya watu nisiowajua. Kulikuwa na mama mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Siku zote za msiba hakukaa mkekani na waombolezaji. Alikuwa nyuma ya nyumba, ameinama, anasugua masufuria makubwa kwa mchanga na majivu, maji yakimtiririka mpaka kwenye viwiko. Aliondoka usiku na alfajiri tukamkuta hapo hapo. Hakutoa hela, hakuwa nayo, kwa hiyo daftarini hayumo. Nilimpita pengine mara hamsini nikiwa nimebeba ndoo na sikumwambia hata pole na kazi.

Nilimpigia dada palepale, mikono ina povu. "Yupo," akasema, "amezeeka sana." Nikatuma kiasi kidogo, nikamwambia dada ampelekee mwenyewe, asimtumie kwa simu, na amwambie ni kwa ajili ya masufuria. Dada alinirudishia jibu alilopewa: "Masufuria gani?"

Nimeliandika na hilo.

Kazini nina mwenzangu mzee kutoka Lubumbashi, Kongo, ambaye mwanzoni alinicheka. "Dada, makuta haya hata mtoto hayataki." Siku hizi ananiletea za kwake, na amenifundisha jambo moja ninalolipenda mno: kuzisikiliza. Peni za kabla ya 1982 karibu zote ni shaba asilimia 95. Mwaka huo wakabadilisha, zikawa zinki iliyopakwa shaba kwa juu. Ya zamani ina gramu 3.11, mpya 2.5, na ukiiangusha juu ya meza, ya zamani inalia kama kengele ndogo, mpya inatoa sauti ya kifungo cha shati. Siku hizi huwa tunashindana, mmoja anafumba macho na mwingine anaangusha. Mzee alishawahi kuniuliza kwa sauti ya chini kama hatuwezi kuyeyusha zile za shaba tukauza. Sheria ya huku hairuhusu kuyeyusha peni. Na kwa idadi yetu tungepata labda nauli ya basi.

Za 1959 hadi 2008 zina jambo lingine. Mgongoni kuna jengo la kumbukumbu ya Lincoln lenye nguzo. Ukiikuza kwa kamera ya simu utamwona Lincoln mwenyewe ameketi katikati ya nguzo, mdogo kuliko sisimizi. Nimewaonyesha watu waliozaliwa hapa na hawakuwahi kumwona.

Tarehe 12 Novemba 2025, kule Philadelphia, walipiga peni ya mwisho ya kutumika madukani. Kila moja ilikuwa inaigharimu serikali zaidi ya senti tatu kuitengeneza, na kazi hiyo ilikuwa imeanza mwaka 1793. Zilizopo bado ni fedha halali. Mzee wa Lubumbashi alinipa pole kana kwamba nimefiwa. Sikuhuzunika sana. Ziko nyingi mno chini kuliko nitakavyoweza kuinamia, ila nimeanza kujiuliza watu watakaonitendea wema 2026 nitawaweka kwenye nini.

Kopo sasa lina peni 418, dola nne na senti kumi na nane. Za mzee sizihesabu; hizo ana daftari lake.

Wiki iliyopita niliokota moja ambayo magari yameikanyaga mpaka imebaki bapa tupu, sura imefutika, mwaka umefutika. Nilimweleza mama asubuhi yake, maana sasa yeye ndiye anayeuliza hata kabla ya salamu kuisha, "Leo umepata wa ngapi?" Nikamwambia leo haina mwaka.

Akakaa kimya, nikasikia jogoo wa jirani.

"Basi hiyo niwekee mimi," akasema. "Kuna mtu mmoja sijawahi kukusimulia."

Nikavua viatu vya kazi, nikaketi sakafuni.